Kosa la Lugha au Tatizo la Usomaji? Disleksia, Ubongo na Mwanafunzi wa Kiswahili Mjini Nakuru

Ikisiri

Makala haya yanachunguza disleksia, yaani tatizo la kudumu la kujifunza kusoma na kuandika lenye chanzo chake katika ubongo, kwa kuihusisha na makosa ya tahajia yanayopatikana katika kazi za wanafunzi wa Kiswahili mjini Nakuru na eneo la kati la Bonde la Ufa. Tunadai kwamba mwalimu wa Kiswahili katika eneo hili hukabiliwa na makosa yenye mizizi mitatu tofauti: lugha ya kwanza ya mwanafunzi, mapengo ya masomo, na disleksia. Makosa haya hufanana yakitazamwa juujuu, na aghalabu huadhibiwa kwa pamoja. Tunaonyesha kwamba maarifa ya fonolojia na mofolojia ya Kiswahili yanaweza kumsaidia mwalimu kuyatenganisha, na kwamba fasihi simulizi na ushairi wetu vina nyenzo za kuanzia katika kumsaidia mwanafunzi mhusika.

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita, wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upili viungani mwa mji wa Nakuru, mwandishi wa makala haya alisahihisha insha ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Insha hiyo ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Neno "wanafunzi" lilikuwa limeandikwa kwa njia tatu: "wanafuzi", "wafunzi" na "wanazifu". Alama zilizotolewa zilikuwa 4 kati ya 20, na chini yake, kwa wino mwekundu, neno moja: "Uvivu!"

Majuma mawili baadaye, katika kipindi cha fasihi simulizi, mwanafunzi yuyo huyo alisimama mbele ya darasa akatamba hadithi aliyoisikia kwa nyanya yake. Mpangilio wa matukio ulikuwa kamili, msamiati ulikuwa teule, na wenzake walimsikiliza kwa utulivu ambao mwalimu wao hakuwahi kuupata. Yamkini mtu aliyetamba hadithi ile hakuwa mvivu, na wala hakuwa mjinga. Neno lile la wino mwekundu lilikuwa kosa la msahihishaji, na makala haya yamechochewa na kosa hilo.

Swali tunalouliza ni hili: mwalimu wa Kiswahili atajuaje kwamba kosa alilokutana nalo katika daftari ni athari ya lugha ya kwanza, ni tokeo la kukosa masomo, au ni dalili ya tatizo la usomaji? Swali hili ni zito kwetu kwa sababu wengi wa wanachama wa vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu huishia kuwa walimu, na kalamu nyekundu ndiyo itakayokuwa mikononi mwao.

2.0 Maana ya Disleksia na Suala la Istilahi

Istilahi hii ilibuniwa mwaka 1887 na daktari wa macho wa Kijerumani, Rudolf Berlin, akirejelea watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma kutokana na maradhi ya ubongo. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, alichapisha maelezo kuhusu mvulana wa miaka 14 aliyekuwa na akili timamu na macho mazima lakini aliyeshindwa kusoma licha ya kufundishwa kwa miaka kadhaa. Katika maelezo hayo imo kauli ya mwalimu wa mvulana huyo kwamba angekuwa hodari kuliko wote shuleni iwapo masomo yote yangetolewa kwa mdomo. Msomaji atatambua kwamba kauli hiyo ingeweza kutolewa juu ya mtambaji tuliyemtaja hapo juu.

Pringle Morgan aliliita tatizo hilo upofu wa maneno wa kuzaliwa nao. Istilahi hiyo inapotosha, kwa kuwa macho ya mhusika huona sawasawa. Kuliita "ugonjwa" pia kunapotosha, kwa maana hakuna kinachouguzwa kikapona. "Uzito wa kusoma" ni maelezo mazuri, ila hayatofautishi tatizo hili na uzito wa mwanafunzi ambaye hajafundishwa. Kwa sababu hizo tunatumia "disleksia", sambamba na "diskalkulia" kwa tatizo la hesabu na "disgrafia" kwa tatizo la uandishi. Matatizo haya yanaweza kumpata mtu mmoja kwa pamoja, lakini si kitu kimoja.

Kwa ufupi, disleksia ni ugumu wa kudumu wa kutambua maneno yaliyoandikwa kwa usahihi na kwa wepesi, na wa kuyaendeleza, ambao hauelezeki kwa upungufu wa akili, wa macho, wa masikio wala wa mafunzo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni asilimia 5 hadi 10 ya watu, kutegemea kigezo kinachotumiwa. Tukiyachukua makadirio hayo, darasa la wanafunzi 50 linaweza kuwa na wawili hadi watano.

3.0 Ubongo Usomapo

Mtoto huzaliwa akiwa na ubongo ulio tayari kwa lugha ya mazungumzo. Hali si hivyo kwa maandishi. Maandishi yana umri wa takriban miaka 5,000 tu, muda mfupi mno kwa mwili wa binadamu kujiundia kiungo mahsusi cha kusomea. Kwa hiyo ubongo huazima. Maeneo yaliyokuwa yakifanya kazi nyingine hufunzwa upya na kuunganishwa.

Kwa watu wengi maeneo hayo yamo katika nusu ya kushoto ya ubongo. La kwanza liko chini, upande wa kisogoni, na hutambua maumbo ya herufi na maneno kwa haraka. La pili liko juu ya sikio na nyuma yake, na hulinganisha herufi na sauti. La tatu liko upande wa mbele, na huhusika na utamkaji na upangaji wa sauti. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wazima wa Brazili na Ureno, wakiwemo waliosoma utotoni, waliojifunza kusoma ukubwani na wasiojua kusoma kabisa. Picha za ubongo zilionyesha kwamba kujifunza kusoma hubadilisha utendaji wa maeneo hayo hata kwa aliyejifunza ukubwani.

Katika disleksia mtandao huu haushikamani kwa wepesi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Albert Galaburda na wenzake kule Boston walichunguza bongo za marehemu waliokuwa na disleksia, wakakuta katika gamba la ubongo vishada vya seli za neva zilizokaa pasipo mahali pake, hasa nusu ya kushoto. Seli hizo husafiri hadi mahali pake kabla mtoto hajazaliwa. Bongo zilizochunguzwa zilikuwa chache, na jambo hilo bado linajadiliwa. Tafiti nyingi za baadaye zilizotumia picha za watu walio hai zimeonyesha utendaji hafifu katika maeneo ya kushoto yanayounganisha herufi na sauti. Aidha, inajulikana kwamba tatizo hili huandamana katika ukoo, na kwamba jeni nyingi huchangia, kila moja kwa kiasi kidogo.

Maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi ni kwamba kiini cha tatizo kimo katika fonolojia. Mwenye disleksia husikia neno na kulielewa, ila humwia vigumu kulichambua katika fonimu zake na kuzifunga fonimu hizo kwa herufi. Hili ni suala la isimu kabla halijawa suala la tiba, na ndiyo maana linatuhusu.

Ni muhimu kutoa tahadhari. Picha za ubongo hulinganisha makundi ya watu; hazitumiki kuamua kama mtoto fulani ana disleksia au hana. Tathmini hufanywa kwa majaribio ya kusoma, kuendeleza maneno na kuchambua sauti. Vilevile, chanzo kuwa katika ubongo si hukumu ya milele. Mwaka 2004, Bennett Shaywitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba watoto wenye matatizo ya kusoma waliofundishwa kwa utaratibu uhusiano wa herufi na sauti waliongeza ufasaha wa kusoma, na utendaji wa maeneo ya kushoto ya ubongo wao ukaongezeka.

4.0 Othografia ya Kiswahili: Uwazi Unaoficha

Wanafunzi wa Kiswahili hujivunia kwamba lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa. Kwa kiasi kikubwa ni kweli, na uwazi huo una faida. Philip Seymour na wenzake walipolinganisha lugha za Ulaya mwaka 2003, walikuta kwamba mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa masomo, watoto wanaosoma Kifini, Kigiriki au Kihispania walisoma maneno ya kawaida kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90, ilhali wale wa Kiingereza walifikia asilimia 34 tu.

Je, hii ina maana kwamba lugha yenye othografia wazi haina disleksia? Jibu lilitolewa mwaka 2001 na Eraldo Paulesu na wenzake. Walichunguza watu wenye disleksia wanaotumia Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Waitaliano, ambao tahajia yao ni wazi, walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wenzao. Hata hivyo, katika majaribio ya fonolojia wote walikuwa na udhaifu uleule, na picha za ubongo zilionyesha upungufu uleule wa utendaji upande wa kushoto. Othografia wazi haiondoi tatizo. Inabadilisha sura yake. Mwenye disleksia anayesoma Kiingereza hukosea sana. Anayesoma lugha yenye tahajia wazi hukosea kidogo zaidi, lakini husoma polepole mno, silabi baada ya silabi, hata afikiapo mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha kusahaulika.

Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili anayesubiri makosa mengi ili ashuku disleksia huenda asishuku kamwe. Anachopaswa kukitazama ni muda.

Kuhusu muda, mofolojia yetu ina jambo la kusema. Neno "hawatatusomea" lina herufi 13, silabi 7 na mofimu 7: ha-wa-ta-tu-som-e-a. Kwa Kiingereza maana hiyo huhitaji maneno sita mafupi. Ni kwa msingi huu kwamba vigezo vya kasi ya kusoma vilivyotumiwa nchini Kenya katika mradi wa PRIMR, uliofanywa kati ya 2011 na 2014 katika maeneo kadhaa yakiwemo Nakuru, na baadaye katika mpango wa Tusome ulioanza 2015, vilitofautisha lugha hizi mbili: msomaji fasaha wa madarasa ya chini alitarajiwa kusoma maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili na 65 katika Kiingereza. Mwenye disleksia hulemewa zaidi na neno refu, kwa kuwa lazima ashikilie silabi nyingi akilini kabla hajapata maana.

Tena, uwazi wa tahajia yetu si kamili. Katika "mbuzi" herufi "mb" ni sehemu ya silabi moja (mbu-zi), lakini katika "mbu" herufi "m" ni silabi peke yake (m-bu). Ritifaa pekee hutenganisha "ng'" ya "ng'ombe" na "ng" ya "ngoma". Mkazo haudhihirishwi katika maandishi: "barabara" ya kupitia magari na "barabara" yenye maana ya sawasawa huandikwa mamoja. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza uandishi wa watoto wa shule nchini Tanzania, walihitimisha katika makala yao ya 2003 kwamba kujifunza tahajia ya lugha yenye kanuni wazi si kazi rahisi.

5.0 Mizizi Mitatu ya Makosa

5.1 Lugha ya kwanza

Nakuru ni mji wa lugha nyingi. Wanafunzi wa Njoro, Molo, Kuresoi, Bahati au Subukia hutoka katika familia zinazosema Kikuyu, lugha za Kikalenjin, Kigusii, Kiluhya, Kijaluo, Kiturkana na nyinginezo. Makosa yanayotokana na lugha hizo yanatabirika. Tazama mifano ifuatayo:

(i) kulala > kurara. Dawa > ndawa. Gari > ngari
(ii) gari > kari. Dada > tata. Zawadi > sawati

Mifano ya (i) hupatikana kwa baadhi ya wasemaji wa Kikuyu, lugha isiyotofautisha /l/ na /r/, na ambayo vipasuo ghuna vyake hutanguliwa na nazali. Mifano ya (ii) hupatikana kwa baadhi ya wasemaji wa Kikalenjin, ambamo ughuna hautofautishi maana ya vipasuo na ambamo hamna /z/.

Hapa ndipo penye hoja yetu kuu. Mwanafunzi anayetamka "kurara" na kuandika "kurara" hajashindwa kuchambua sauti. Amezichambua zote, akaipa kila moja herufi yake, bila kuacha hata moja. Kosa lake ni ushahidi kwamba utaratibu wa fonolojia katika ubongo wake unafanya kazi vyema. Anachohitaji ni mazoezi ya matamshi.

5.2 Mapengo ya masomo

Eneo hili limepitia misukosuko. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwahamisha watoto wengi kutoka shule zao. Janga la korona lilifunga shule kuanzia Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurejea madarasani hadi Januari 2021. Mwanafunzi aliyepoteza mwaka wakati wa kujifunza silabi atasoma kwa shida kama mwenye disleksia. Tofauti ni kwamba akifundishwa vizuri kwa mihula kadhaa, huwafikia wenzake. Mwenye disleksia huendelea, ila pengo la kasi hubaki.

5.3 Disleksia

Makosa ya mwenye disleksia hayafuati ramani ya lugha yoyote. Huacha silabi ("wafunzi"), hupindua mfuatano ("wanazifu"), na huandika neno moja kwa njia tofauti katika ukurasa mmoja. Zaidi ya yote, maandishi yake hayalingani na matamshi yake mwenyewe. Yule mtambaji wetu alitamka "wanafunzi" vizuri kabisa. Kinywa chake kilijua neno ambalo mkono wake haukuweza kulipanga.

5.4 Maswali manne kwa mwalimu

Kutokana na uchambuzi huu, tunapendekeza mwalimu ajiulize maswali manne kabla ya kuandika hukumu pembezoni mwa daftari:

(a) Je, mwanafunzi hutamka neno kama alivyoliandika? Ikiwa ndivyo, yamkini ni athari ya lugha ya kwanza.
(b) Je, kosa ni lilelile kila mara? Athari ya lugha huelekea kuwa na utaratibu; disleksia huyumba.
(c) Je, anasoma kwa kasi gani akilinganishwa na wenzake wenye lugha ya kwanza na historia ya masomo kama yake?
(d) Je, anaelewa na kueleza vizuri anaposomewa kwa sauti?

Majibu ya maswali haya si tathmini ya kitaalamu. Macho na masikio ya mwanafunzi yanapaswa kupimwa kwanza, kisha apelekwe katika vituo vya tathmini vya elimu maalum. Lakini hatafika huko iwapo mwalimu wake wa lugha hakutambua kwamba kuna la kutathminiwa.

6.0 Silabi, Vina na Kinyume: Mchango wa Fasihi

Utambuzi wa sauti huanza na silabi kabla ya fonimu, na hapa fasihi ya Kiswahili ina hazina. Anayehesabu mizani huhesabu silabi. Mshororo wa mizani 16, uliogawika katika vipande viwili vya 8, ni zoezi la kuchambua sauti ambalo mtoto anaweza kulifanya kwa kupiga makofi, hata kama hajui kusoma. Anayetafuta kina hutenga sauti za mwisho na kuzilinganisha. Vitanza ndimi humlazimisha msemaji kutofautisha sauti zinazokaribiana. Katika mwambao kulikuwa na mchezo wa kinyume, ambapo silabi ya mwisho huhamishwa mwanzoni, "nyumba" ikawa "mbanyu". Majaribio ya kisasa ya utambuzi wa sauti humtaka mtoto afanye jambo linalofanana mno na hilo.

Tusitie chumvi. Hakuna shairi linaloponya disleksia, na mchezo wa sauti usiounganishwa na herufi hauzai msomaji. Kinachofaa ni utaratibu: sauti, herufi yake, silabi, neno fupi, kisha neno refu lililokatwa katika mofimu zake. Mwanafunzi anayeona kwamba "hawatatusomea" na "hawatatupikia" yana mwanzo mmoja, "hawatatu-", hana haja ya kuanza upya kila mara. Mofolojia inakuwa ngazi.

Sambamba na hilo, mwanafunzi apewe nafasi ya kuonyesha anachokijua kwa njia ya mdomo. Mtaala wetu una hadithi, vitendawili, methali na mijadala. Tukivitathmini kwa maandishi pekee, tunapima mkono wa mwanafunzi na kudai tumepima akili yake.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba disleksia ni tofauti halisi ya utendaji wa ubongo, kwamba othografia wazi ya Kiswahili huificha badala ya kuiondoa, na kwamba katika eneo la lugha nyingi kama Nakuru hufichwa tena nyuma ya makosa ya lugha ya kwanza. Mambo mawili mabaya hutokea. Mwenye disleksia huambiwa kwamba ni "lugha ya mama" tu na itamtoka. Na anayesema Kikuyu au Kikalenjin, ambaye sikio lake ni zima, hudhaniwa kuwa na upungufu. Wote wawili hudhulumiwa kwa sababu moja: msahihishaji hakusikiliza.

Tunatoa rai kwa wanachama wanaokwenda katika mazoezi ya kufundisha wakusanye makosa ya tahajia pamoja na mambo matatu: lugha ya kwanza ya mwanafunzi, jinsi alivyolitamka neno, na iwapo alilirudia kosa kwa namna ileile. Majina yasiandikwe. Mkusanyiko wa aina hiyo utakuwa msingi wa kuunda majaribio ya usomaji yanayozingatia Kiswahili cha eneo letu, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na wanasayansi wa ubongo peke yao, kwa kuwa inahitaji wanaojua silabi, mofimu na lahaja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa yule mtambaji, daftari lilikuwa limekwisha kurudishwa kabla ya hadithi kusikika, na neno la wino mwekundu lilikuwamo.